Kisiwa Kinachowaita Vijana kwa Ngoma

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Msomaji mpendwa, mimi nimesikia ngoma zikivuma siku tatu mfululizo na hakuna hata moja iliyopasuka. Kilichokaribia kupasuka ni kifua changu.

Haya yalinikuta katika kisiwa cha Sado, nchini Japani, kwenye tamasha la ngoma ambalo lilianzishwa mwaka 1988 na hufanyika mwezi wa Agosti. Kutoka Tokyo nilipanda garimoshi la kasi hadi mji wa Niigata, mwendo wa saa mbili hivi, kisha nikaingia feri. Mimi nimezoea feri ya Likoni, ambayo kabla hujamaliza njugu zako umeshavuka. Nikasimama kando ya kizuizi nikiwa nimeushikilia mkoba wangu imara. Loo! Kugeuka, nikaona wenzangu wamevua viatu na kujilaza kwenye zulia, wengine tayari wanakoroma. Kumbe safari ilikuwa ya saa mbili na nusu! Nami nikavua viatu.

Tulitia nanga Ryotsu, na kutoka hapo nikachukua basi hadi Ogi, bandari ndogo iliyo kusini mwa kisiwa. Huko akina mama huwabeba watalii kwa mashua za mviringo, mfano wa karai kubwa la mbao. Zamani mashua hizo zilitumiwa kuvua konokono wa baharini na mwani miambani.

Sado haikuwa mahali pa starehe tangu hapo. Karne nyingi zilizopita ilikuwa jela ya wakubwa. Mfalme Juntoku alipelekwa huko uhamishoni mwaka 1221, na Zeami, bingwa wa michezo ya kuigiza iitwayo Noh, akamfuata mwaka 1434. Baadaye, mwaka 1601, machimbo makubwa ya dhahabu yalianza, na shughuli hiyo ikaendelea hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1989.

Lakini hata kabla ya mgodi kufungwa, vijana walikuwa wameanza kufungasha virago. Mwaka 1950 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 120,000. Siku hizi wamebaki kama 50,000, na wengi wao ni wazee. Nyumba niliyolala ilikuwa ya bibi mmoja anayeishi peke yake. Wanawe wote wako mijini. Nilipomwona akiandaa vikombe vingi vya chai kwa ajili ya sisi wageni, niliwakumbuka mabibi wengi walioko mashambani kwetu wakisubiri Desemba.

Sasa sikiliza ajabu. Wakati vijana wa kisiwani walipokuwa wakikimbilia mijini, vijana wa mijini walianza kwenda kisiwani, na kilichowavuta ni ngoma. Mwaka 1971 bwana mmoja aliyeitwa Tagayasu Den alianzisha huko kundi la Ondekoza. Vijana wake walikimbia mbio ndefu kila siku na kupiga ngoma. Mwaka 1975 walikwenda Marekani, wakakimbia marathoni ya Boston, na walipofika mwisho wakashika magongo wakaanza kupiga! Kundi lilipogawanyika, waliobaki Sado waliunda kundi la Kodo mwaka 1981. Jina hilo lina maana mbili: mapigo ya moyo, na pia watoto wa ngoma. Hao ndio wenye tamasha.

Anayetaka kujiunga nao hufunzwa kwa miaka miwili katika jengo lililokuwa shule. Huko hakuna runinga wala simu ya mkononi. Wanafunzi huamka alfajiri kukimbia, hulima mpunga, na huchonga magongo yao wenyewe. Wanafunzi wa vyuo mnaosoma ukurasa huu, mnasemaje?

Usiku wa kwanza tuliketi chini, nje, wazee kwa watoto. Ngoma ndogo zilianza, zile zilizokazwa kwa kamba, zikilia mfano wa mvua juu ya mabati. Kisha ikaletwa ngoma kuu, iliyochongwa kutoka gogo moja la mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji alisimama akiwa amewapa watu mgongo, amevaa ubinda tu. Alipoipiga, sauti haikupitia masikioni. Ilipita ardhini, ikaniingia kwa makalio, ikapanda hadi kooni. Mtoto mchanga aliyekuwa karibu nami hakulia. Alikuwa amelala fofofo, pengine akidhani amerudi tumboni mwa mamake.

Kesho yake sisi wageni tulifunzwa kidogo. Mwalimu hakutupa magongo kwanza. Alitutaka tuimbe mapigo kwa midomo: don, doko, ka. Hapo moyo ulinishtuka, kwani hivyo hivyo ndivyo marehemu mjomba wangu, mpigaji wa isukuti huko Idakho, alivyokuwa akiwafunza vijana. "Mdomo kwanza, mkono baadaye," alizoea kusema.

Mjomba alipofariki, ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ziliwekwa ghalani. Sisi wapwa zake tulikuwa na shughuli zetu. Mimi nilikuwa chuoni nikisomea uandishi wa habari. Hakuna aliyeniita, nami sikuuliza. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wajuzi wanazeeka bila warithi. Niliisoma habari hiyo nikaifungua kurasa nyingine, kana kwamba wajuzi waliotajwa hawakuwa watu wetu.

Tusijidanganye kwamba Wajapani wameshinda kwa sababu hawabadiliki. Mtindo huu wa ngoma nyingi kupigwa pamoja jukwaani ulianzishwa mwaka 1951 na Daihachi Oguchi, ambaye alikuwa mpiga ngoma za jazi! Alichukua cha babu akakiongezea cha kwake. Sisi huwavalisha watoto sketi za katani wakati wa mashindano ya muziki, na kikombe kikishapatikana, ngoma hurudi stoo hadi mwakani.

Siku ya kuondoka, feri ilipong'oa nanga Ogi, wapigaji walikuja gatini kutuaga. Abiria walishika utepe wa karatasi za rangi, na ncha nyingine zilishikwa na waliobaki nchi kavu. Feri ikasogea, utepe ukanyooka, ukakatika. Ngoma ziliendelea kulia, nasi tukazisikiliza hadi watu wakawa vidoto tu.

Desemba hii nitakwenda Idakho na mpwa wangu wa darasa la sita. Tutafungua ghala tuone kama panya wamesaza ngozi ya kenge. Wameila? Basi tutamtafuta mzee wa kuwamba upya angali hai. Nawe, msomaji, ghalani kwenu kuna nini?

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.