Mwuguzi si Mwenye Sindano Tu

Kuna neno linalosikika katika vyumba vingi vya wagonjwa kwetu, tangu Lubarika na Luvungi hata Uvira mjini: «Ndugu wa mgonjwa yuko wapi, aje amwoshe?» Lasemwa bila haya, kana kwamba ni sheria. Mwuguzi huja na sindano, hutazama seramu, huandika katika karatasi, kisha huenda zake. Kumwosha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kumpeleka chooni, hayo yote yahesabiwa kuwa kazi ya watu wa nyumbani. Sisi twasema wazi: desturi hii ni mbaya, nao wanaoitetea hawajafahamu uuguzi ni nini.

Wengine wanadhani kwamba kuosha ni kazi ya wasiosoma, na sindano ni kazi ya wenye shahada. Basi na tuwaulize wale walioianzisha kazi hii. Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyezaliwa mwaka 1550 na kufa mwaka 1614, aliwatunza wagonjwa wa Roma kwa mikono yake mwenyewe, akawafundisha wenzake kufanya vivyo hivyo. Ndiye aliyewekwa na Kanisa kuwa msimamizi wa wagonjwa na wa wanaowauguza. Mwaka 1854 Florence Nightingale, Mwingereza, alikwenda Scutari katika nchi ya Uturuki kuwauguza askari wa vita vya Krimea. Akaona kwamba magonjwa yaliua askari wengi kuliko risasi. Basi alishikilia usafi, hewa safi, mwanga, chakula na utulivu. Hayo ndiyo aliyoyaita uuguzi.

Tena yuko Virginia Henderson wa Marekani, ambaye mafundisho yake yasomwa hata leo katika shule za uuguzi za Kongo. Alihesabu mahitaji 14 ya mgonjwa: kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kujongea, kulala, kuvaa, kuwa na joto la kufaa, kuwa safi, kuepushwa na hatari, kuzungumza na watu, kumwabudu Mungu kwa imani yake, kufanya kazi, kuburudika, na kujifunza. Msomaji, hesabu mwenyewe: sindano i wapi? Hakuikataa dawa, la. Lakini alifundisha kwamba mwuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na maarifa. Ni ajabu kubwa kwamba mwanafunzi huyajua yote 14 siku ya mtihani, akisha kupata shahada akumbuka seramu tu!

Nani aumizwa na desturi hii? Si tajiri, maana dada zake na shangazi zake watajaa chumbani. Aumizwa asiye na mtu. Mfikirieni mama mjane aliyekimbia vita milimani, watoto wake wametawanyika. Au mkimbizi kutoka Burundi. Au msafiri aliyeshikwa na homa njiani. Alazwa, apewa dawa sawasawa, lakini hakuna wa kumgeuza. Mfupa wake wabana nyama juu ya godoro, damu haipiti, nyama yafa, na kidonda chafunguka. Kumgeuza kila saa mbili kungalimkinga, wala mkono wa kugeuza haununuliwi katika duka la dawa. Je, tutasema ameuawa na ugonjwa wake, au na uvivu wetu?

Twajua watatujibu nini. Watasema: «Wauguzi ni wachache, na wengi hawaoni mshahara wa serikali.» Ni kweli, na ni dhuluma. Serikali inayomwacha mwuguzi aishi kwa sehemu ya fedha za wagonjwa yamkosea yeye na mgonjwa pia. Na adai haki yake kwa sauti kuu. Lakini deni hilo si la yule mjane. Asilipishwe yeye kwa ngozi yake.

Watasema tena: «Kumwosha baba ni upendo wa jamaa, mnataka kuuondoa?» Hatutaki. Jamaa ni msaada mkubwa. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowashika wakimbizi wa Bengali kule India, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walikosa seramu ya kutosha. Wakachanganya maji, chumvi na sukari, na jamaa wakawanywesha wagonjwa wao. Katika kambi ile vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Hilo latuhusu sana sisi wa pwani hii, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Lakini angalieni: jamaa wale walifundishwa na kuangaliwa. Mwuguzi hakuwaachia kazi akaenda zake. Jamaa akiwapo, na aongozwe. Asipokuwapo, mwuguzi ndiye jamaa.

Wala mtu asithubutu kuiita kazi hii ya chini. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, pale milimani juu yetu, ilishambuliwa, na wauguzi waliuawa pamoja na wagonjwa waliokuwa vitandani. Kazi iliyolipiwa damu namna hiyo haipungukiwi heshima kwa beseni na sabuni.

Basi tufanye nini? Mwuguzi mkuu wa kila kituo na aandike katika karatasi ya mgonjwa, kando ya saa za dawa, saa za kugeuza, za kuosha na za kulisha, na kila aliyefanya atie sahihi. Waalimu wasimpe shahada mwanafunzi asiyeweza kumwosha mgonjwa bila kumwaibisha. Nasi Wakristo katika mashirika yetu, tumwulize mwuguzi kila juma: «Nani hana mtu?» kisha tumpelekee uji na sabuni, tukafanye kama atakavyotuonyesha. Tena tuache kumsifu mwuguzi kwa wingi wa sindano zake, maana sifa zetu ndizo zilizomharibu.

Msamaria Mwema alifunga vidonda kwanza, ndipo akatoa fedha. Wala hakumwuliza yule mtu ndugu zake wako wapi.