Sharti la Lugha: Je, Tunaonewa?



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya mdahalo wetu uliopita. Hoja ilikuwa hii: "Kumtaka mwanafunzi wa Afrika ajue Kijapani kabla ya kwenda kusoma Japani ni kumwonea." Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi. Msemaji wao mmoja, kijana wa Kidato cha Tano, alishangiliwa sana aliposema ya kwamba hajaona bado mchikichi unaofundisha Kijapani hapa Simbo. Mimi nami nilicheka pamoja na wengine. Lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka habari yangu mwenyewe, nikaona si vema kunyamaza.

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu, mwenzangu mmoja aliniambia kwamba Serikali ya Japani huwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi nyingine wakasome kwake muda wa mwaka mmoja, kisha warudi chuoni kwao. Alinisomea mistari miwili tu ya tangazo: nauli hulipwa, na posho hutolewa kila mwezi. Mimi sikuuliza mstari wa tatu unasemaje. Nilipiga simu nyumbani. Wakati huo ada ya sekondari ilikuwa ingali ikitozwa, na mama alikuwa ameweka madumu mawili ya mawese kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Aliyauza, akanipelekea fedha za safari ya Dar es Salaam.

Huko bwana mmoja mwenye adabu alipokea makaratasi yangu, akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Je, Kijapani ndilo somo lako kuu chuoni?" La pili: "Umekisoma mpaka ngazi gani?" Mimi nilikuwa nikisoma historia na jiografia. Kijapani changu chote kilikuwa neno moja la salamu nililolisikia katika filamu. Alinirudishia makaratasi kwa mikono miwili, akanipa pole. Mdogo wangu alikaa nyumbani majuma matatu kabla ya ada yake kupatikana. Sikuonewa na mtu yeyote, maana tangazo lilikuwa limeeleza yote. Mimi ndiye niliyeishia njiani kulisoma.

Basi yafaa tuyatazame masharti yenyewe. Nafasi ile ya mwaka mmoja ni ya wanaosoma lugha ya Kijapani au utamaduni wa Japani. Mwombaji lazima awe amekwisha kuandikishwa katika chuo kikuu nje ya Japani, na somo lake kuu liwe hilo. Umri wake uwe kuanzia miaka 18, usifike 30. Lazima ajue Kijapani cha kutosha kusoma kwa lugha hiyo, na mwaka ukiisha arudi chuoni kwake. Tena viko vyuo vikuu ambavyo hupatana vyenyewe kwa vyenyewe kubadilishana wanafunzi. Hivyo kila kimoja huweka masharti yake, na kwa kawaida mwanafunzi huendelea kulipa ada nyumbani.

Mtihani wa Kijapani unaotambuliwa duniani una ngazi 5, kutoka N5 ya chini mpaka N1 ya juu. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kijapani hutaka N2 au N1. Hayo si maji ya kunywa. Wajapani wana herufi za silabi za namna mbili, kila namna ina herufi 46 za msingi, na juu ya hizo orodha ya serikali yao ya maandishi ya kawaida ya asili ya Kichina ina alama 2,136.

Je, sharti hili ni la uonevu? Naomba kila mmoja wenu akumbuke siku zake za kwanza za Kidato cha Kwanza. Wengi wetu huku tumezaliwa katika Kiha. Tulipoingia shule ya msingi tukakuta Kiswahili, na tulipoingia sekondari tukakuta Kiingereza. Mimi nafundisha Historia katika kidato hicho, na kila mwaka nawaona watoto wenye akili nzuri wakikaa kimya tangu Januari mpaka Juni, wakinakili ubaoni maneno wasiyoyajua. Wao wana miaka minne ya kulipata tena lililowapita. Mwanafunzi aliyepelekwa Japani ana mwaka mmoja tu. Akikaa kimya miezi sita, amebakiwa na nini? Atakuwa amekula posho, ameona theluji, amerudi mtupu. Na nafasi ile ingeweza kuchukuliwa na mwingine ambaye angesoma. Kwa hiyo mimi nasema sharti hili halikuwekwa ili kutuzuia, na sisi tuliopita njia ya lugha tatu twapaswa kulielewa kuliko watu wote.

Tena, ndugu zangu, Wajapani wenyewe walilitimiza sharti la namna hiyo hapa hapa mkoani kwetu. Watu wengi wanajua habari za Bibi Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960. Lakini kusini zaidi kando ya ziwa, katika milima ya Mahale, Bwana Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1965, na Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Wataalamu hao hawakuja na wakalimani wa kuwafuata msituni. Walijifunza Kiswahili, wakakaa na Watongwe, wakawauliza majina ya miti kwa lugha yao. Mwaka 1981 Bwana Nishida na mwenzake Bwana Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Na mpaka leo Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Mtu akijifunza lugha yako kabla ya kuingia msituni mwako, nawe ukijifunza yake kabla ya kuingia darasani mwake, hapo hapana aliyedhulumiwa.

Hata hivyo sitaki kumnyima haki yake yule kijana wa Kidato cha Tano. Alisema kweli kwamba hakuna mwalimu wa Kijapani hapa. Hata vyuoni mwetu masomo hayo ni machache. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwa na masomo ya Kijapani, lakini mwenye nia aulize kwanza kama ni somo kuu au ni somo la kuongezea tu, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo iliyonirudisha mimi Kigoma. Ikiwa njia ya kufikia sharti haipo, yatupasa kuidai kwa vyuo vyetu na kwa serikali yetu. Kumwomba mwenye darasa alishushe sharti hakutatusaidia.

Lakini wasemaji wa mdahalo walisahau jambo moja kubwa, nalo ni kwamba milango iko zaidi ya mmoja. Ufadhili wa serikali hiyo hiyo kwa shahada ya kwanza haumtaki mwombaji awe bingwa wa Kijapani. Unamtaka awe chini ya umri wa miaka 25, awe amesoma shule miaka 12, afanye mitihani ambayo ndani yake mna hesabu na Kiingereza, na awe tayari kujifunza. Akichaguliwa, mwaka wa kwanza hufundishwa lugha pamoja na masomo mengine ya matayarisho. Hesabuni wenyewe: aliyesoma miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari ana miaka 11, basi hajatosha, lakini akimaliza Kidato cha Sita ametosha. Na kwa shahada za juu iko mipango inayofundishwa kwa Kiingereza, kama ule ulioahidiwa katika mkutano wa Yokohama mwaka 2013 kwa vijana wa Afrika.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wanafunzi, someni tangazo mpaka nukta ya mwisho, tena msishike mlango mmoja na kusema nyumba imefungwa. Anayependa Kijapani aanze sasa na herufi zile za silabi. Irabu zao ni 5 kama zetu, na matamko yao si mageni kinywani mwetu: samaki ni *sakana*, ziwa ni *mizuumi*. Kazi iko katika mpango wa maneno, maana kitendo hukaa mwisho, kama kwamba ungesema "mimi samaki nala." Walimu wenzangu, tubandike ubaoni matangazo ya masomo ya nje yakiwa kamili, pamoja na masharti yake. Wazazi wetu, mtoto akiwaambia amepata njia ya kwenda ng'ambo, kabla ya kuuza dumu hata moja mwambieni awasomee mstari wa tatu.

Mdogo wangu alimaliza shule salama. Mama hajapata kunilaumu, lakini kila nionapo dumu la mawese nakumbuka maswali yale mawili.

Ni mimi wenu,
Mwalimu wa Historia, Simbo