Moto wa Jirani na Shela la Bi Harusi



Leo tunaomba tuseme na nyinyi mabibi harusi, na wenzetu wenye vijibiashara vya vijijini. Sisi tuna kibanda cha ushonaji katika kijiji kimoja kandokando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, kwenye mkonge na minazi. Nyumba nyingi bado za makuti. Kaskazi ikivuma, cheche moja ya jikoni inatosha. Namba ya Zimamoto, 114, tunaijua sote, lakini mpaka gari litoke mjini, makuti hayalisubiri. Kwa hiyo zimamoto wetu ni hao hao: mvuvi, muuza duka, kibarua wa mkonge, na wasichana wetu wa cherehani. Yowe likipigwa, kila mtu anaacha alichoshika. Vijana wanapanda kubomoa makuti ya nyumba ya pili ili moto ukose pa kupita, wanawake wanapanga mstari wa ndoo kutoka kisimani.

Mwaka juzi yalitukuta Alhamisi, na nikaha Ijumaa. Fundi wetu wa lesi alitoka mbio, akarudi magharibi mikono imechunika, hawezi kushika sindano. Shela likafika kwa bi harusi wakati kungwi ameshamaliza kumpamba. Mama mtu alitusema hadi tukalia. Nasi, Mungu atusamehe, tukamkata yule binti pesa.

Tulikosea. Katika dini yetu kuokoa mtu ni fardhi kifaya: wakitokea wa kutosha, wengine wamesameheka. Wale waliokwenda kisimani ndio waliotuondolea mzigo sisi tuliobaki kuhesabu vitambaa. Na masheikh wametufundisha kwamba aliye ndani ya swala huruhusiwa kuikata akimwona mtu anaungua au anazama. Swala inakatwa, pindo la gauni lisingoje?

Wenzetu wengi husema, "Sisi hatumkati mtu, tunalipa kwa kipande." Wallahi hayo ni maneno tu. Anayelipwa kwa kipande akiacha cherehani amejikata mwenyewe. Ujerumani sheria inamtaka mwajiri amruhusu zimamoto wa kujitolea atoke kazini huku mshahara ukiendelea, na mwajiri binafsi anarudishiwa na serikali ya mtaa. Kwetu hakuna wa kuturudishia, tunajua. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia, na mmoja wao akapewa kazi Zimamoto. Vizuri sana. Lakini wengi hawapigwi picha. Wanarudi kazini wananuka moshi, wanamkuta bosi amenuna.

Sasa saa za moto tunazilipa. Ni elfu chache, tumezila kwenye vocha mara ngapi! Nguo ya harusi tunaikabidhi siku tatu kabla, na bi harusi anayeleta kitambaa usiku wa mwisho tunamwambia ukweli mapema. Tena wasichana tumewakataza kukimbilia moto na mabaibui ya poliesta, maana kitambaa kile kinayeyuka kikaganda ngozini. Kanga na mitandio ya pamba imetundikwa mlangoni, wanavaa wanatoka.

Yule binti tulimrudishia pesa yake, kwa kuchelewa. Akaipokea, akatuuliza kama lile shela lilimpendeza bi harusi.