UCHAMBUZI: Alama ya X pekee haimwokoi mpangaji

USIKU wa Aprili 29, 2016, kufuatia mvua kubwa jijini Nairobi, jengo la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa ukingoni mwa mto, na tayari lilikuwa limeorodheshwa miongoni mwa majengo yaliyostahili kubomolewa. Hata hivyo, wapangaji waliendelea kuishi humo.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Rangi nyekundu ukutani haimzuii landilodi kupokea kodi, wala haimpi mpangaji mahali pengine pa kulala. Familia iliyobanana katika chumba kimoja haikosi kuiona hatari. Inakosa pesa za kukodi kwingine.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwa na makao yanayofaa, nalo Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti jukumu la makazi. Kwa hivyo, kaunti hazina kisingizio. Zikishatambua jengo hatari, yafaa ziwatafutie wakazi hifadhi kwanza, ziombe mahakama isitishe kodi, kisha zimshtaki mmiliki pamoja na afisa yeyote aliyefumbia macho ujenzi huo.

Kubomoa bila mpango wa kuwahamisha wakazi ni kuwasukuma katika jengo jingine bovu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huruma ilitufunza kwamba ukuta hujengwa upya, lakini uhai haurudi.