Mtoto Halishwi kwa Nguvu

Ndugu wazazi, liko jambo linalotendeka majumbani mwetu kila asubuhi, tena kwa nia njema, ambalo hatuna budi kulikemea. Mama ananyoosha miguu mkekani, anamlaza mtoto chali juu ya mapaja na kumbana mikono, kisha anamziba pua. Mtoto anapofumbua kinywa kutafuta pumzi, uji unamiminwa kwa kiganja. Analia, anapaliwa, anameza. Kikombe kikiisha, mama anaridhika kwamba leo mwanawe amekula.

Huko si kula. Uji ukipotea njia huingia mapafuni, na mtoto anaweza kupata nimonia au kufa papo hapo. Anayenusurika hujifunza kukiogopa kikombe. Kesho akikiona tu, kilio.

Wako watakaonijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli kwa adabu na tabia, lakini njaa haifundishwi kwa kukunjwa. Mtoto hufikisha mwaka mmoja akiwa na uzito wa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili na ushei tu. Mwili ukipunguza kasi ya kukua, hamu ya chakula nayo hupungua. Asiyelijua hilo humwona mwanawe wa mwaka na nusu akisusa, akadhani karogwa.

Sisemi kwamba hatuna tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Lakini udumavu hauondoki kwa kuziba pua. Tazameni kwanza kilichomo kikombeni: uji mwepesi wa unga na maji hujaza tumbo dogo bila kuujenga mwili. Uji wa mtoto uwe mzito, usiochuruzika kijikoni, uongezwe maziwa au karanga zilizosagwa laini. Ugali wake uwe na maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, mchicha, au yai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 9 hadi 23 apate milo mitatu hadi minne kwa siku, na vitafunwa mara moja au mbili, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi.

Kisha tazameni kinachopita kati ya mlo na mlo. Saa nne biskuti ya dukani, saa tano juisi ya pakiti, saa sita chai ya rangi yenye sukari tele. Saa saba wali unapakuliwa, mtoto anageuza uso, nasi tunamwita mkaidi! Mtoto huyo ameshiba.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii vizuri: mzazi aamue chakula gani kiliwe, saa ngapi na wapi, mtoto aamue ale au asile, na kiasi gani. Basi mpeni sahani yake, kwa maana kwenye sinia moja na kaka zake wakubwa, mdogo hushindwa mbio. Mwacheni ashike tonge mwenyewe, hata akijipaka mpaka masikioni. Akitema mchicha leo, mrudishieni siku nyingine bila ugomvi. Wengi hukubali chakula kipya baada ya kukionja mara kumi au zaidi. Zimeni televisheni. Na acheni kumtishia kwamba asipokula daktari atamchoma sindano.

Hata hivyo, upole usigeuke uzembe. Mtoto aliyesusa ghafla huku ana homa, vidonda mdomoni au kuharisha, au ambaye mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki umelala au kushuka, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Nanyi akina baba, msiulize jioni tu kama mtoto amekula. Nunueni hayo mayai na maziwa, mketi naye, mle naye. Mtoto huiga anachokiona. Kuanzia mlo wa leo, tuondoe mikono yetu puani mwa watoto wetu.