Nairobi si Siberia, Endesha Hiyo Lori

Wasee, Julai ikifika hii Nairobi kila mtu anakuwa mtaalamu wa baridi. Mavin kichwani, jaketi mbili, chai mara nne kwa siku. Hiyo haina shida. Shida yangu ni lori inayowashwa saa kumi na nusu alfajiri, dere anarudi kwa nyumba kumalizia chai, na gari inabaki nje ikinguruma mpaka saa kumi na moja, ati "ipate moto kwanza."

Kama unaishi Kangemi, Uthiru, Kinoo ama Kawangware, unajua hiyo sauti. Unajua na harufu, juu ploti nyingi dirisha la keja linafungukia palepale gari imelala, na ekzosi iko usawa wa kitanda chako.

Hiyo nusu saa ni ya bure. Haisaidii injini, inakula mafuta, na wanaoivuta kwa mapafu ni watu ambao hata hawana lori.

Tabia yenyewe haikutoka hewani. Huko Siberia ama Alaska, digrii zikishuka mpaka 30 chini ya sufuri, dizeli inatoa nta na kuziba filta, betri inakosa nguvu, na dere anaweza kuacha injini ikiwaka usiku mzima kwa sababu akiizima haitawaka tena mpaka ipashwe moto. Hapa kwetu Julai alfajiri ni kama digrii 11 au 12. Limuru ni baridi zaidi kidogo, sawa, lakini hata huko hakuna dizeli inaganda. Oili ya 15W-40, ile iko kila petroli stesheni, imetengenezwa iruhusu injini kuzunguka hata kwenye digrii 20 chini ya sufuri. Baridi ya Uthiru haiitambui.

Halafu kuna kitu watu hawapendi kusikia. Injini ya dizeli ikikaa bila kazi inachoma mafuta kidogo sana, kwa hivyo inapata moto polepole sana. Silinda zikiwa bado baridi, mafuta mengine hayaungui vizuri. Yanaosha oili kwenye kuta za silinda, yanateremka chini na kuifanya oili iwe nyepesi. Ule moshi mweupe unaona asubuhi, sehemu kubwa ni dizeli ambayo haijaungua. Na gia je? Difu? Magurudumu? Hayo yote hayapati moto hata kidogo gari ikiwa imesimama. Yanapata moto gari ikienda.

Kwa hivyo unawasha, unangoja taa ya oili izime, unaipa dakika mbili tatu huku ukiangalia magurudumu na taa, halafu unatoka na gia ya chini bila kuisukuma. Kutoka Uthiru mpaka Westlands mwendo wa pole, geji ya joto imeshapanda. Kitu hufai kufanya ni kukanyaga mafuta injini ikiwa baridi ndiyo eti ipate moto haraka. Hapo unazungusha turbo kwa kasi kabla oili haijaifikia vizuri.

Niliwahi kumwambia hivi mzee mmoja wa ploti yetu, dere wa lori ya mboga. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza. Akacheka. "Kijana, hii si simu." Lakini kwa sababu ni mtu mpole, akaniambia pia sababu zake, na hapo ndipo hii story ilinibadilikia.

Ya kwanza ni breki za upepo. Malori makubwa yanahitaji upepo ujae kwenye matangi kabla yatoke, na hiyo si ya kubishana. Hakuna mtu anataka lori ikishuka Waiyaki Way bila breki. Lakini matangi mazima hujaa kwa dakika chache. Kama unahitaji dakika 20, upepo unavuja mahali, na hiyo lori haifai kuwa barabarani hata kama ni Januari na jua linawaka.

Ya pili ni oili. Wenye magari wengi wananunua ile nzito ya namba 40 peke yake, juu ni ya bei nafuu. Hiyo kweli ni nzito asubuhi, na dere anasikia injini ikilalamika, kwa hivyo anaingoja.

Ya tatu ndiyo ilinimaliza. Betri imechoka na stata ni mgonjwa. Akishaiwasha kwa bahati, hawezi kuizima, juu ikizima ataanza kutafuta vijana wa kusukuma saa kumi na moja asubuhi. Na injini ikiharibika ni yeye anakatwa mshahara. Sasa ukiwa yeye, ungezima?

Mimi basi sina vita na madereva. Nina vita na mwenye gari ambaye analala Runda ama wapi, na anaokoa pesa za betri kwa kutumia mapafu ya watu wa Kangemi. Na hata haokoi. Lori kubwa ikinguruma bila kwenda inaweza kunywa karibu lita 3 kwa saa. Nusu saa kila asubuhi, siku 26 za kazi, ni kama lita 39 kwa mwezi. Canter inakunywa kidogo kuliko hapo, lakini chukua bei ya EPRA ya tarehe 14, uzidishe, uone ni miezi mingapi mpaka betri mpya.

Na tusijifanye ni harufu tu. Juni 2012, IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi moja na sigara na asbesto. Dizeli yetu ilipunguzwa salfa tangu 2015, na hiyo ilisaidia, lakini masizi ya injini baridi bado ni masizi. Pita Marikiti alfajiri malori ya mboga yakiwa yamepanga foleni, zote zinawaka, na uangalie akina mama wameketi wapi na sukuma wiki zao.

New York, lori ikikaa zaidi ya dakika 3 ikinguruma bure, raia anaweza kuirekodi video na kuripoti, na faini ikilipwa anapata asilimia 25. Manze! Hapa ningekuwa nimenunua kamera mpya kabla Agosti. Lakini sidhani tuanze hivyo, juu hapa faini ingeishia kwa mshahara wa dere, na betri ingebaki ileile.

Kama mzazi wako, mjomba wako ama landlord wako ana lori, muulize wiki hii maswali mawili: betri ilinunuliwa lini, na oili ndani ni gani. Muulize mbele ya dere wake.