Ligi za Kulipwa za Marekani na Swali la Buluk

Jioni katika mtaa wa Buluk, mjini Juba, vijana hawakosekani penye mpira. Tarehe 20 Julai 2024 timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini iliitoa jasho timu ya Marekani mjini London, ikashindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye, katika Olimpiki ya Paris, iliishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Lakini wengi wa wachezaji wake walikomazwa na vyuo na ligi za ng'ambo. Basi yafaa tuulize: ligi ya kulipwa hujengwaje hata ikasimama nyumbani?

Tumeonelea tulitafute jibu katika futiboli ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu.

NFL, ambayo leo ni ligi tajiri kuliko zote duniani, ilizaliwa katika unyonge. Mwezi Septemba 1920 wawakilishi wa timu kadhaa walikutana Canton, Ohio, katika duka la magari, wakaunda chama. Jina la NFL lilikuja mwaka 1922. Katika timu za msimu ule wa kwanza, zilizobaki hadi leo ni mbili tu, Bears na Cardinals. Zilizobaki zilikufa moja baada ya nyingine, maana kila timu iliishi kwa viingilio vya mlangoni, na mvua ya Jumapili moja iliweza kumfilisi mwenye timu. Green Bay, mji mdogo ulioingia mwaka 1921, ulinusurika kwa sababu mwaka 1923 wananchi wake waliuziwa hisa za timu. Mpaka leo timu hiyo haina tajiri mmoja anayeimiliki.

Mwaka 1959 Lamar Hunt wa Texas na wenzake walianzisha ligi pinzani, AFL, iliyoanza kucheza mwaka 1960 ikiwa na timu nane. Walifanya jambo ambalo wakubwa wa NFL walikuwa hawajalifanya: waliuza matangazo ya televisheni kwa mkataba mmoja, fedha zikagawanywa sawasawa. NFL ikaiga, na mwaka 1961 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuruhusu mikataba ya namna hiyo. Tangu hapo New York yenye mamilioni ya watu hupata fungu la televisheni lililo sawa na la Green Bay. Mabepari hao, wanaouhubiria ulimwengu ushindani, waliona kwamba wao kwa wao heri wagawane! Mwaka 1966 ligi hizo mbili zilikubaliana kuungana, na mwaka 1970 zikawa moja.

Waliotegemea nyota waliishia pabaya. WFL ya mwaka 1974 iliwanyakua mabingwa wa Miami kwa mishahara minono, ikavunjika katikati ya msimu wa 1975. USFL ilidumu misimu mitatu, 1983 hadi 1985. Wenye timu, akiwamo Donald Trump aliyekuja kuwa Rais, waliishtaki NFL kwa kuhodhi soko. Mwaka 1986 walishinda kesi, wakapewa fidia ya dola moja, ambayo kisheria ilizidishwa mara tatu.

Afrika Mashariki nayo imetoa watu wake. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka wa Uganda, alitwaa ubingwa mara mbili na New York Giants. Daniel Adongo wa Kenya alitoka katika raga akajiunga na Indianapolis mwaka 2013. Mwaka 2023 NFL yenyewe ilifanya kambi Nairobi ya kusaka vipaji. Vipaji vinasafirishwa, ligi haisafirishwi.

Sudan Kusini yaijua hali hiyo. Klabu ya Cobra Sport ilishiriki Ligi ya Kikapu ya Afrika mwaka 2022. Luol Deng, aliyechukua uongozi wa shirikisho la kikapu mwaka 2019, aliisaidia timu ya taifa kwa fedha zake mwenyewe. Tunamheshimu kwa hilo. Hata hivyo mfuko wa mtu mmoja, hata akiwa mkarimu kiasi gani, hauwezi kulipia ratiba ya vilabu mwaka hata mwaka. Siku atakapofika mdhamini au mnunuzi wa matangazo, je, vilabu vya Juba, Wau na Malakal vitakuwa vimekwisha kukubaliana juu ya mgawo, au kila kimoja kitamwendea kivyake?